Kabla Ununue Seti ya Rezini ya Chumba cha Rubani, Anza na Kioo

Wasee wa modeli za ndege, hasa nyinyi mlio huku Kisumu, Kakamega na Nakuru ambao karibu kila kitu lazima kitoke ng'ambo, hii nimeiandika juu swali huwa ni lile lile: ninunue seti gani ya rezini ya chumba cha rubani, yaani vile vipande vya plastiki ngumu ya kumwagwa kwa moldi vya kuweka badala ya vya boksi? Na mtu akiuliza hivyo huwa tayari ameona picha, swichi zote zimesimama, mikanda imelala vizuri kwa kiti, moyo umeshaenda. Mimi humuuliza kwanza, kioo cha juu ya rubani utakiacha wazi ama utakifunga?

Juu ukikifunga na ndege yenyewe ni ya skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ya kweli), kitaonekana kichwa cha kiti na juu ya dashibodi basi. Pedali, sakafu, zile paneli za pembeni, zote zinaenda gizani. Angalia Bf 109, ndege ya vita ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, kioo chake kina fremu nzito kila upande, na kuanzia katikati ya vita ndani walipaka rangi ya RLM 66 ambayo ni kijivu karibu na nyeusi, sasa hapo ukifunga kioo hata uweke seti ya bei gani nani ataiona? Alafu linganisha na F-16, jeti ya Marekani, kioo kimoja kikubwa kimevimba, mbele hakuna fremu, kila kitu kiko wazi hata ukifunga. Pesa ya rezini iende kwa F-16. Ile 109 ipe mikanda mizuri na dashibodi safi, inatosha kabisa.

Sasa jambo la pili, na hili ndo kubwa, ni unene. Rubani wa ndege ya vita anakaa kwa nafasi yenye upana wa kama sentimita 60 hivi. Kwa 1/48 hiyo ni milimita 12 na nusu, kwa 1/72 ni milimita 8 na kidogo. Bati la ndege ya kweli ni jembamba sana, lakini ukuta wa plastiki wa modeli yako ukiwa na milimita 1 tu, kwa skeli ya 1/72 huo ni ukuta wa sentimita 7.2! Kila upande. Mtengenezaji wa rezini anabaki na njia mbili, ama apunguze upana wa chumba ndo kiingie, ama akipe upana wa kweli akuachie wewe kazi ya kukwangua plastiki. Aires wa Jamhuri ya Cheki, ambao kazi yao kwa macho ni ya hali ya juu na ninaipenda sana, wanajulikana kwa hiyo njia ya pili. Ukinunua seti yao jipange kukwangua ndani ya mwili wa ndege mpaka ukiinua kwa taa uone mwanga unapita, hapo simama, na kila ukikwangua kidogo ujaribu kuweka bila gundi, ufunge pande mbili na tepu, uangalie, ufungue tena. Usisahau chini pia. Kwa ndege nyingi za jeti nafasi ya gurudumu la mbele iko chini ya miguu ya rubani, kwa hivyo sakafu ya rezini ikiwa nene inagongana na paa la hiyo nafasi na pande mbili za ndege hazifungi. Kwa Spitfire ni bawa ndo linakuja kusukuma kutoka chini. Na kile kifuniko cha juu ya dashibodi kipimwe na kioo cha mbele mapema, si baada ya kupaka rangi.

Ndo maana nasisitiza seti lazima iwe ya boksi lako kwa jina, yaani ya kampuni iliyotoa modeli yako, si ya ndege yako tu. Wengi wetu tunataka kujenga F-5E za Nanyuki, zile jeti za jeshi letu la anga, na kampuni ya Monogram walitoa F-5E ya 1/48, AFV Club pia wakatoa, lakini ndani hazifanani, kwa hivyo seti iliyopimwa kwa moja usiibebe kwa ingine ukitegemea bahati. Pia hakikisha ni aina sawa ya ndege. Kwa jeti ya Kisovieti ya MiG-21, aina ya F-13 ilikuwa na kiti cha SK ambacho kikimrusha rubani nje kinatoka na kioo, aina ya MF iko na kiti cha KM-1, na ni viti tofauti kabisa kwa macho. Mtu anajenga MF alafu anabandika SK, na kiti ndo kitu cha kwanza watu huona.

Na hapo kwa kiti, kama doo ni kidogo, nunua kiti peke yake. Kiti cha rezini chenye mikanda kinabadilisha chumba kizima, hakigusi kuta, hakigusi gurudumu, na kifurushi ni kidogo. Kwa dashibodi kuna Yahu Models wa Poland, zao huja zimepakwa rangi tayari, na kuna Quinta Studio wa Urusi ambao stika zao zimechapishwa zikiwa na mwinuko, unaziloweka kwa maji unabandika. Hizi hazina shida ya unene, kwa hivyo kwa 1/72 mimi sai naziweka mbele ya seti nzima ya rezini. Alafu fungua boksi kwanza! Boksi za ProfiPACK za kampuni ya Eduard tayari ziko na vibati vyembamba vya chuma vyenye rangi vya chumba cha rubani, unanunua tena ya nini?

Bei usiangalie ya seti tu, ongeza posta na ushuru. Kama mko marafiki kadhaa agizeni pamoja.

Seti ikifika ioshe na maji ya sabuni juu huja na mafuta ya moldi na rangi haitashika. Kipande kilichopinda kichovye kwa maji moto, kinyooshe, kichovye kwa baridi. Kukata ile block ya nyuma, yaani kibonge cha rezini kinachobaki kwa kipande kutoka kwa moldi, tumia msumeno mwembamba wa modeli, heksoo inakula kipande chenyewe, na usugue na msasa wa maji kutoka hadware ukiwa umelowa, barakoa usoni, hiyo vumbi si ya mapafu, na watoto wasiwe karibu.

Gundi ya plastiki haishiki rezini. Supagluu inashika, lakini huku karibu na ziwa unyevu wa hewa unaifanya ikauke upesi sana kabla hujanyoosha kipande, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwa kioo. Kwa chumba kizima tumia Araldite, ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili, inakupa muda wa kusogeza, na kioo ubandike na gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.