Banda la ukingoni mwa ziwa au la juu mlimani? Jibu kwa anayekwenda na familia

Mkuu, umeuliza ukodi lipi kati ya mabanda mawili ya mbao: moja liko ukingoni kabisa mwa ziwa, lingine limepanda mlimani, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka majini. Mnakwenda watu sita, wamo watoto wawili na mama yako mzazi, na hakuna kati yenu aliyewahi kulala mlimani. Wengi waliokujibu wanasema chukua la ukingoni kwa sababu ya mandhari. Mimi nimeshakodi ya namna zote mbili, na kwa msafara wako ningechukua la juu, ila kwa sharti nitakalolitaja mbele.

Picha za kutangaza mabanda hupigwa mchana, jua likiwaka. Mchana huo hamtakuwa ndani. Mtakuwa majini, au njiani, au mmekaa nje mnapiga soga. Banda mnalilipia kwa ajili ya usiku, na usiku wa milimani ni mrefu, maana kilele kinaweza kulificha jua mapema kuliko mlivyozoea na kulichelewesha asubuhi. Kwa hiyo maswali mengi kwa mwenye banda yawe ya usiku.

Usiku ukiwa shwari, hewa inayogusa miteremko hupoa, ikawa nzito, ikateremka taratibu hadi kutuama chini bondeni. Na chini bondeni ndipo ziwa lilipo. Ziwa kubwa lenye kina kirefu hutunza joto la mchana na kupunguza makali ya baridi, lakini ziwa dogo la mlimani halina akiba kubwa hivyo. Nimewahi kulala ukingoni nikaamka blanketi lina unyevu na ukungu umefunika hata gati, huku wenzetu waliolala katikati ya mteremko wakishuka na sweta jepesi na kutuuliza mbona tumejikunyata. Katikati ya mteremko ndipo penye afueni. Ukipanda zaidi hadi mgongoni mwa mlima unakutana na upepo, kwa hiyo hata hilo la juu ulizia kama lina miti au mwamba wa kulikinga.

Utabiri wa hewa nao usomeni vizuri. Mara nyingi ule unaouona kwenye simu ni wa mji ulio karibu, na mji huwa chini. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji ukiwa na nyuzi 24 na banda liko mita 2,000 juu ya mji huo, tarajieni kama nyuzi 11, tena hapo ni mchana. Mizigo yenu ya nguo ifuate hesabu hiyo.

Sasa muulize mwenye banda: ndani mnapata joto kwa njia gani? Akisema kuna jiko la kuni lenye bomba la moshi linalotoka nje, vizuri. Ulizia bomba limesafishwa lini, kuni zimo kwenye bei au mnanunua wenyewe, na kama zimekauka sawasawa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, kwa sababu nguvu yake kubwa inaishia kukausha maji yaliyomo ndani yake. Akikwambia kuna jiko la mkaa mtaliingiza chumbani usiku, kataa, hata akisema wageni wote hufanya hivyo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yanayoonekana yamefifia bado yanaitoa, na aliyelala hashtuki. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa chafu ina hatari hiyohiyo. Kuacha dirisha wazi kidogo ni jambo jema siku zote, lakini hakuufanyi mkaa uwe salama.

Watu kadhaa wakiamka kwa pamoja wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na kichefuchefu, msiseme ni uchovu wa safari. Tokeni nje kwanza, wote, kisha tafuteni msaada. Kuna kengele ndogo ya betri inayoitambua gesi hiyo. Mimi huipakia kabla ya miswaki. Mwenye banda mmoja alinicheka alipoiona. Acha acheke.

Tangazo likisema banda linalaza watu wanane, usiridhike. Omba hesabu ya vitanda, magodoro na mablanketi, kila kimoja peke yake. Mara nyingi wawili wa hao wanane ni kochi, na wengine wawili ni godoro lililo juu darini, ambako mtu hupanda kwa ngazi ya mbao isiyo na pa kushika. Watoto watapigania kulala huko. Usiku wakitaka kujisaidia, ngazi ile ni balaa. Kama una kijana mkubwa anayetaka hema, linaweza kufungwa uani, ila mwambie mwenye banda mapema, kwani wengine hutoza kwa kichwa hata kwa anayelala nje.

Lile sharti langu ni choo na njia, kwa ajili ya mama. Banda la juu ni zuri kama gari linafika karibu na mlango na choo kimo ndani. Kama choo kiko nje na njia yake ni ya mawe, au mtabeba mizigo na kumsindikiza mama kwenye mteremko gizani, basi chukueni la chini mkaongeze mablanketi. Omba picha ya choo, na ya njia kutoka gari linapoishia. Wenye mabanda hutuma picha za ziwa kwa furaha sana. Ukiomba ya choo wengine hukaa kimya, na kimya hicho tayari ni jibu. Ulizia pia kama mvua ikinyesha gari la kawaida linapita, na ikiwa njia imefungwa, pesa yenu inarudi au la. Kama banda liko mita 2,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari na mama ana shida ya moyo au mapafu, aongee na daktari wake kabla hamjalipa chochote.

Watoto ni sababu nyingine ya mimi kupendelea la juu. Ukingoni, mlango ukiachwa wazi dakika moja, mtoto yuko majini. Maji ya ziwa la mlimani yanaweza kuwa baridi hata siku ya jua kali, kwa sababu jua hupasha tabaka la juu tu. Mtu akitumbukia ghafla kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, mwili humlazimisha kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari, na kichwa kikiwa chini ya maji anavuta maji. Kujua kuogelea hakuzuii hilo. Maboya ya kuvaa wanayotoa pamoja na mtumbwi mara nyingi ni ya watu wazima, na kwa mtoto huchomoka kichwani, kwa hiyo nendeni na ya kwao. Mtumbwi utumieni asubuhi. Kuanzia mchana upepo huamka na mawingu ya radi hukusanyika haraka milimani.

Jikoni sina mengi. Maji yakitoka ziwani au kijitoni, yachemsheni: yakishatokota sawasawa, dakika 1 inatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000 yaacheni dakika 3, kwa sababu kwenye mwinuko huo hutokota kwenye kama nyuzi 93 tu. Kwa sababu hiyohiyo vyakula vya kuchemsha vitachelewa kuiva, na sufuria ya presha itawaokolea gesi.

Kuhusu amana, mkifika piga picha kila chumba kabla mizigo haijaingia, kioo kilichopasuka na godoro lenye doa vikiwemo, umtumie mwenyewe siku hiyohiyo. Kama hakuna mtandao pale, na mara nyingi haupo, zipige hivyohivyo zibaki na tarehe kwenye simu. Mimi nilidaiwa kitasa kilichovunjika kabla yetu, picha ikanitetea.

Mpigie mwenye banda la juu kesho, umuulize hayo ya choo, njia na joto, kisha tuletee majibu yake hapa.