Kabla vitunguu havijaingia kwenye mafuta

Pilau ikitoka bokoboko, lawama huenda kwa mchele. Ikitoka nyeupe, huenda kwa viungo. Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla mafuta hayajapata moto: maji yalikadiriwa kwa jicho, au kitunguu saumu kilikuwa bado na maganda wakati vitunguu maji vimeanza kugeuka rangi. Vipimo vya hapa ni vya pilau ya nyama ya ng'ombe kwa kilo 1 ya mchele, ya kutosha watu wanane.

Nyama ndiyo pekee inayotangulia jikoni. Kilo 1, vipande vya ukubwa wa kiberiti, chumvi vijiko 2 vya chai na nusu ya tangawizi na kitunguu saumu. Nyama ya ng'ombe huchukua saa nzima au zaidi kulainika, na saa hiyo ndiyo ya kuchambua, kumenya, kukata na kutwanga. Hakuna haja ya kupanga kila kitu mezani kwanza huku jiko limelala.

Mchele chambua, pima, ndipo uoshe. Utaratibu huo usiugeuze. Kilo 1 ni kama vikombe 5 vya mililita 250, vilivyojaa na kusawazishwa kwa mgongo wa kisu. Ukipima mchele uliokwisha lowa, punje zimeshafura na kunywa maji, kwa hiyo vikombe vinaongezeka na wewe unaongeza maji mara ya pili bila kujua. Huna kikombe cha kupimia? Chukua kikombe chochote cha chai, ila kilichopima mchele ndicho kipime na maji. Osha maji matatu au manne, loweka nusu saa, kisha uchuje kwenye chujio hadi uache kudondosha. Mchele ulioachwa na kidimbwi chini ya bakuli unaingia sufuriani na maji ambayo hukuyahesabu.

Sasa maji yenyewe, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kwa mchele mkavu wa zamani ulioloweka, kikombe 1 kwa kikombe 1 na nusu: vikombe 5 vya mchele, vikombe 7 na nusu vya maji. Usipoloweka, vinafika 9. Mchele mpya, wa Kyela au wa Mwea uliotoka shambani juzi, bado una unyevu wake, na huo uanze na 6 na nusu. Lakini "maji" ni kila kimiminika kitakachokuwemo, supu ya nyama ikiwa ya kwanza. Nyama ikiiva, chuja supu yote, imimine kwenye jagi la vipimo na usome. Ikiwa vikombe 4, ongeza 3 na nusu vya maji ya moto. Ikizidi 7 na nusu, ziada iweke kando mtu anywe. Mafuta yaliyoelea juu yaenguliwe kwa kijiko, yatumike kukaangia, na mafuta ya chupa yapungue kwa kiasi hichohicho. Ukitia nyanya, nyanya 2 zikisagwa nazo ni maji. Punguza robo kikombe.

Mchele usioujua tabia, bakiza nusu kikombe cha supu ya moto pembeni. Punje zikibaki na kiini kigumu, utanyunyiza na kufunika. Maji yaliyozidi hayana dawa.

Viungo navyo vitengwe kwa zamu ya kuingia sufuriani, si kwa aina. Vibakuli ishirini vya kwenye televisheni ni vyombo vya kuosha tu. Vitatu vinatosha. Cha kwanza kina vile vizima: mdalasini vijiti 2, iliki 8 zilizopondwa kidogo zifunguke, karafuu 8. Karafuu zihesabu moja moja, kwani zikizidi hutia ganzi ulimini na kufunika vingine vyote. Cha pili, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, vijiko 2 vya chakula kwa kila kimoja, ukiwa umeshatoa nusu ya kutia kwenye nyama. Cha tatu, vya unga: binzari nyembamba kijiko 1 na nusu cha chakula, pilipili manga kijiko 1 cha chai. Ukimtuma mtu dukani akuletee binzari nyembamba, taja vizuri. Zanzibar huiita uzile, Kenya jira, na ukisema "binzari" tu Tanzania bara unaweza kuletewa manjano. Ikaange kavu kwa moto mdogo dakika 2, iache ipoe, ndipo uitwange. Ikitwangwa ya moto huganda kwenye kinu.

Viazi nusu kilo, vikatwe vipande viwili tu. Vikae ndani ya maji visipate weusi, lakini vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kukaangwa. Tone moja la maji kwenye mafuta ya moto linatosha kukuunguza mkono.

Vitunguu maji nusu kilo, vikatwe vyembamba na vya unene mmoja. Vikichanganyika vinene na vyembamba, vyembamba vitaungua vinene vikiwa bado vyeupe. Rangi ya pilau inatoka hapa, wala si kwenye binzari. Katika robo tatu ya kikombe cha mafuta huchukua dakika 15 hadi 20, na kwa muda mrefu utadhani hakuna kinachotokea: vinatoa maji, vinalegea, mvuke unapanda. Maji yakiisha, sauti inabadilika, kingo zinashika hudhurungi, na kutoka hapo hadi kuungua ni kama dakika moja. Ndipo bakuli la pili linapoingia, na unyevu wake unasimamisha rangi palepale. Ukiwa ndiyo kwanza unatafuta kinu, pilau itakuwa chungu, na uchungu huo hautoki hata ukiongeza viungo.

Chumvi iliyobaki, vijiko 2 vya chai, itiwe supu ikichemka kabla ya mchele, kisha uonje. Supu iwe imezidi chumvi kidogo mdomoni, mchele utaimeza. Maji yakikaribia kukauka, punguza moto, funika, palia kwa mkaa juu ya kifuniko dakika 20.

Kachumbari haitaki vipimo. Vitunguu vyake vikate mapema, vifikiche kwa chumvi na uvisuuze vipunguze ukali. Nyanya zikate pilau ikiwa imeshapaliwa, na chumvi na ndimu vingoje hadi sahani ziwe mezani. Ukiviwahisha, utapakua maji ya nyanya.