Barua kwa mwanangu: kura yako ya diwani huko England

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama mtu mwenye pasipoti ya Tanzania na viza ya kazi anaweza kumpigia kura diwani huko England. Tena, kama anaweza, atapigaje ikiwa Alhamisi ya kwanza ya Mei atakuwa huku nyumbani kwenye harusi ya kaka yake?

Unaweza. Naona haya kukuambia kwamba mimi nilikaa huko miaka minane bila kulijua hilo. Kila mwaka ikifika majira ya majani kupukutika, halmashauri ilikuwa ikituma barua ya kuuliza nani anaishi katika nyumba hii. Mwenye nyumba wangu alinipa niijaze, nami jina langu nikaliacha. Niliogopa. Nilidhani mgeni akijiandika kwenye daftari la serikali anajitafutia balaa. Kumbe Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, na sheria ya huko inampa raia wa Jumuiya anayeishi kihalali haki ya kumchagua diwani, na hata mbunge. Mkenya na Mganda vivyo hivyo. Yule mwenzako wa kazini kutoka Burundi hayumo, kwa sababu nchi yake si mwanachama, labda siku moja apate uraia wa Uingereza. Kwa hiyo usimsukume ajiandikishe; kutoa taarifa za uongo ni kosa la jinai.

Kujiandikisha ni kwenye tovuti ya serikali, dakika chache tu. Watakuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, anwani na namba ya bima ya taifa, ile iliyoandikwa kwenye hati yako ya mshahara. Hupangi foleni, hupigwi picha, wala hupewi kichinjio, yaani kadi ya mpiga kura, kama huku kwetu. Mwisho ni saa sita usiku, siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Ni siku za kazi, mwanangu: Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, na Pasaka huangukia karibu na hapo, kwa hiyo hesabu vizuri. Wewe uliyehama chumba mwezi wa kumi, jua kwamba jina halikufuati. Kila ukihama unajiandikisha upya.

Kwenye fomu hiyo utaulizwa kama unataka kuwa kwenye daftari la wazi. Hilo kampuni yoyote inaweza kulinunua. Kataa, na kura yako haipungui kitu. Daftari kamili, ambalo ndilo la wapiga kura, lina matumizi yake machache yaliyowekwa na sheria, likiwemo la benki kuhakiki kwamba kweli unaishi pale unaposema. Ukija kuomba mkopo utaona faida yake. Mimi nilinyimwa mkataba wa simu mara mbili nisijue sababu, na hadi leo nashuku ni hili.

Sasa habari ya harusi. Njia ya posta usiichague safari hii. Karatasi za kura hutumwa wiki chache tu kabla ya uchaguzi na zinatakiwa ziwe zimerudi saa nne usiku ya siku yenyewe. Bahasha itoke England, ifike sanduku letu la posta, irudi? Tutakuwa tunajidanganya. Posta itakufaa miaka mingine, hasa ukipangiwa zamu ndefu. Maombi yake hufungwa saa kumi na moja jioni, siku 11 za kazi kabla. Ukishapata bahasha, saini yako na tarehe ya kuzaliwa lazima vifanane na ulivyoandika kwenye maombi. Nakujua na saini yako inayobadilika kila wiki. Kura nyingi hutupwa kwa kosa hilohilo. Na bahasha usimpe mtu wa chama anayepita mlango kwa mlango, hata akiwa mcheshi namna gani. Sheria inamkataza kuigusa.

Kwa Mei hii, omba mtu wa kukupigia kura. Simaanishi wakala kama wale wa vyama wanaokaa vituoni huku kwetu. Ni mtu unayemwamini, naye awe amejiandikisha huko. Atakwenda kwenye kituo chako, si chake, aonyeshe kitambulisho chake mwenyewe, kisha aweke alama ya X pale ulipomwambia. Maombi haya hufungwa siku sita za kazi kabla, saa kumi na moja jioni. Likitokea la ghafla baada ya hapo, kama ugonjwa au kazi, ipo njia ya dharura mpaka saa kumi na moja jioni ya siku ya kura. Mtafute mtu wa mtaa wako, asije akapanda treni kwa ajili ya kura ya mwenzake.

Mwaka utakaokuwepo mwenyewe, vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na tangu 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti yetu inakubalika kwa kuwa ni ya nchi ya Jumuiya. Soma maelezo juu ya karatasi kabla ya kuweka alama, maana kata nyingine huchagua madiwani watatu kwa mpigo.

Uliandika kwamba kura moja haina uzito. Mwaka 2017, katika kata ya South Blyth huko Northumberland, wagombea wawili walifungana hata baada ya kura kuhesabiwa tena. Wakavuta vijiti, na aliyepata kirefu ndiye akawa diwani. Natamani kujua siku ile nani alibaki nyumbani anatazama televisheni.

Lakini kwanza angalia kama halmashauri yako ina uchaguzi mwaka huu, maana si zote zinazochagua kila Mei. Ikiwa upo, nitumie jina la huyo atakayekupigia. Kama ni yule rafiki yako anayelala mpaka saa nane mchana, nitampigia simu mwenyewe kumwamsha.

Kitenge cha sare nimeshakununulia. Nitumie vipimo.

Mama yako