Betri Haina Kosa: Majibu ya Maswali Yenu

SWALI: Nina kibanda karibu na mwalo wa Igombe, Mwanza. Natumia sola ya wati 100, betri ya N70 na invata (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ambayo haizimwi. Nawasha taa 4 na televisheni, na wavuvi huniachia simu kama 10 kwa siku nizichaji. Betri hii ni ya pili ndani ya mwaka, na sasa ikifika saa tatu usiku invata inalia na kujizima. Fundi anasema ninunue betri kubwa zaidi. Je, ni sawa? (Msomaji, Igombe)

JIBU: Usinunue bado. Ukiweka betri kubwa kwenye paneli hiyo hiyo, nayo itakufa, maana unatoa umeme mwingi kuliko unaoingia.

Jua la Mwanza kwa siku ya kawaida ni sawa na saa 5 hivi za jua kali. Paneli yako, ukiondoa hasara ya joto, vumbi na waya, inaingiza wati-saa (wati mara saa) 350 hivi kwa siku. Sasa tazama matumizi. Taa 4 za wati 7 kwa saa 5 ni 140. Televisheni ya wati 35 kwa saa 5 ni 175. Simu 10 ni kama 150. Invata iliyoachwa wazi usiku na mchana hula wati 10 hivi hata kama hakuna kilichochomekwa, yaani 240 kwa siku. Jumla 705, mara mbili ya kinachoingia. Betri isiyojaa hata siku moja hujenga utando mgumu wa salfeti kwenye sahani zake, na utando huo ukishakomaa hautoki.

Kosa la pili hufanywa na mafundi wengi, na linatuuma kwa sababu linawagharimu watu fedha nyingi. Taa na simu zote hupitishwa kwenye invata iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, ikiruka chaji kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri). Kontrola hukata matumizi mapema ili kuilinda betri, lakini invata nyingi husubiri mpaka volti 10.5 hivi, wakati betri imeshaishiwa chaji kabisa. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu: pima kwa multimita (kipimo cha umeme) ikiwa imepumzika saa chache, volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Tena N70 ni betri ya gari, iliyotengenezwa kupiga stata, si kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha.

Anza na yasiyo na gharama kubwa. Nunua taa za volti 12 na uzifunge kwenye matundu ya taa ya kontrola. Simu zichaji mchana, kwa chaja ya volti 12 inayochomekwa hapo hapo. Invata iwashe kwa ajili ya televisheni tu, kisha izime kwa swichi yake. Matumizi yatashuka hadi 515 hivi. Hapo ongeza paneli ya pili ya wati 100 yenye volti sawa na ya kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kontrola ya ampea 20. Betri iwe ya mwisho kununuliwa: ya sola, ampea-saa 100.

Wakati wa kufunga, betri hutangulia kwenye kontrola, kisha paneli, kisha taa. Kufungua ni kinyume chake. Fyuzi ikae karibu na kichwa chanya cha betri. Waya wa kutoka kwenye paneli usiwe wa milimita za mraba 1.5: kwa umbali wa mita 15 tu, paneli moja hupoteza karibu volti 2 humo. Tumia wa 6. Paneli zielekee kaskazini, zikiinama digrii 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, na kivuli cha mwembe au jabali kisizifikie. Betri ya kuongezwa maji ipewe maji ya betri, kamwe si ya ziwani, na isikae chumba cha kulala.

SWALI: Mkaa unatumaliza. Maharage yanakula jiko zima. Nifanyeje? (Mama wa Nansio)

JIBU: Mama, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu dakika 20 hadi 30 sufuria ikiwa na mfuniko. Usipunguze chini ya dakika 10, kwani maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibiwa kwa kuchemka. Yakiwa bado yanatokota, ingiza sufuria kwenye kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu pande zote, funika kwa mto mzito, uache saa 3 hadi 4 bila kufunua. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu. Chakula kidogo hupoa kabla hakijaiva. Kabla ya kuunga, rudisha jikoni yachemke tena.