Gego limepasuka bila tundu

Dada wa Kayole, umeuliza kwa nini gego lako la kushoto limepasuka kwa mahindi choma wakati halina tundu, na kama kuliziba kunatosha. Pole sana. Umesema meno ya kulia hayagusani ukifunga mdomo, na kwangu jibu liko hapo. Mzigo wote wa kutafuna unaangukia meno machache ya kushoto, kama basi ambalo abiria wote wamekaa upande mmoja.

Jino huhimili vizuri nguvu inayoshuka wima kuelekea mzizi. Likiwa limeinama, nguvu hulisukuma kwa ubavu, na nyufa huanzia hapo. Magego huumia zaidi kwa kuwa yako karibu na misuli ya taya, penye nguvu nyingi.

Ukiziba tu, naogopa litapasuka tena. Mwombe daktari akung'atishe karatasi ya rangi. Alama zitaonyesha meno yanayobeba kupita kiasi. Ikibidi meno yanyooshwe ili yagusane pande zote, waya za meno huwafaa hata watu wazima, usihofu umri.

Kwa sasa achana na miwa na mifupa. Likianza kuuma ukinywa chai moto, tafadhali usingoje mwisho wa mwezi.