Lori la mawe yenye urani: hofu iwe kwenye vumbi

Dada, umeuliza kama shemeji akibeba mawe yenye urani (madini yanayotoa mionzi) toka Namtumbo kuja Mtwara atawaletea mionzi nyumbani. Mionzi yenyewe haiambukizi kama mafua. Kinachoweza kuja nyumbani ni vumbi, na hilo ndilo la kuogopa.

Mionzi ya urani ina aina zake. Ile iitwayo alfa haipenyi hata ngozi. Lakini ukivuta vumbi lake, au ukila kwa mikono michafu, inaunguza ukiwa umeibeba ndani. Aina nyingine, iitwayo gama, hupenya bodi la lori, ila hupungua haraka ukiwa mbali, kwa hiyo kulala juu ya mzigo ni ujinga (utingo wetu, mnasikia?). Kuna pia radoni, gesi yenye mionzi itokayo kwenye mawe hayo, ambayo huzidi pasipo na hewa: mgodi wa chini, kontena lililofungwa. Ukifungua kontena, liache lipumue kwanza.

Mzigo ufunikwe turubai. Ovaroli ibaki kazini, isifuliwe na nguo za watoto. Na magunia yaliyobeba mawe hayo yasije kutiwa korosho msimu ukifika! Hapa kwetu gunia halitupwi, najua.

Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 20 kwa mwaka, raia wa kawaida 1. Shemeji amuulize mwajiri kama mzigo umepimwa na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu kiko wapi. Akizungushwa, asipakie.