Siku tano juu ya tuta la reli iliyokufa: mwalimu wa Ipagala anauliza

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Ipagala, Dodoma. Oktoba nakwenda kwa mdogo wangu St. Louis, Marekani. Amenitafutia baiskeli tuendeshe Katy Trail yote, njia ya baiskeli juu ya tuta la reli ya zamani, kilomita 386, kwa siku tano. Hapa naendesha kilomita 15 kwa siku, kwenda na kurudi kazini. Nitaweza? Na je, nifanye mazoezi kandokando ya reli ya kuelekea Bahi, maana nayo ni tambarare?

JIBU: Mbukwa, Mwalimu. Kuweza utaweza, ila punguzeni safari. Kilomita 386 kwa siku tano ni 77 kila siku, na mwisho wa Oktoba kule jua huchomoza kama saa moja na nusu na kuzama saa kumi na mbili. Ukipata pancha mbili na kusimama kula, giza limekukuta njiani.

Mngepanda treni ya Amtrak kutoka St. Louis hadi Sedalia. Baiskeli hupakiwa, lakini nafasi yake mwambie mdogo wako aikate mapema pamoja na tiketi. Kutoka Sedalia mrudi mashariki hadi St. Charles, jirani kabisa na St. Louis. Hapo inabaki kama kilomita 300, yaani 60 kwa siku. Siku ya kwanza wekeni 45, mwili uzoee. Mtakikosa kipande cha mwisho wa magharibi, cha Clinton na Windsor. Utamu wenyewe, mto Missouri na handaki la Rocheport, uko mbele.

Sasa hilo neno lako "tambarare". Njia hiyo ilikuwa reli ya Missouri–Kansas–Texas hadi 1986, na treni haijui kupanda mlima. Wahandisi wake walikata vilima na kujaza mabonde, ndiyo maana mwinuko ni nadra kuzidi mita 2 kwa kila mita 100. Watu wakisikia hivyo hufurahi. Mimi ndiyo huniogopesha. Kwenye barabara ya Kondoa ukipanda utashuka, na ukishuka miguu inapumzika, makalio yanainuka. Juu ya tuta la reli hakuna mteremko wa kukubeba: unakanyaga pedali kwa muda wa saa tano, sita, umekaa vilevile. Wengi hawashindwi na mapafu, wanashindwa na siti.

Kwa hiyo usihangaike na gia. Vua siti unayotumia hapa, uende nayo, ufungiwe kwenye baiskeli ya huko. Na usidanganywe na siti pana yenye sponji nene. Nimewauzia watu, wakarudi baada ya wiki wakitembea kama wametahiriwa jana. Iwe ngumu kiasi, kimo chake kiwe kile ambacho kisigino kikikanyaga pedali iliyo chini kabisa, mguu unanyooka.

Njia imemwagwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Tairi za milimita 35 hadi 40 zinatosha, msijaze upepo hadi zikawa kama jiwe. Mvua ikinyesha, unga ule hushika cheni kama ugali, basi mafuta ya cheni yawe karibu. Tyubu mbili za akiba, viraka, pampu.

Mazoezi kandokando ya reli yetu, hapana. Ile ya Katy imekufa; hii ni hai. Treni inayokuja kwa nyuma huisikii, wala haikukwepi, na lile ni eneo la reli, si njia ya watu. Pia mbigili za pale zitakumalizia viraka vyote kabla ya safari.

Tumia barabara ya lami ya Bahi. Toka alfajiri kabla malori ya Manyoni na Singida hayajajaa, vaa kizibao kinachong'aa. Muhimu si siku moja ndefu, ni siku mbili mfululizo, kwa sababu kukalia siti juu ya maumivu ya jana ndiko hakuzoeleki kwa kwenda kazini. Jumamosi nenda Bahi, zaidi kidogo ya kilomita 50, kula wali wa kwao, lala. Kwenda utasukumwa na upepo wa mashariki. Jumapili utaupokea usoni njia nzima, na huko ndiko utakapojua kama hiyo siti uipakie kwenye begi au unipigie hodi karakana tutafute nyingine.